Bendi za Luz na Dirisha la Bi Zuhura

Kuku wa siki na kitunguu saumu mimi humpika kwa hasira. Hakuna anayenilazimisha, lakini harufu ile ikishaingia mikononi haitoki mpaka kesho yake, na kila ninapojikuna pua nawakumbuka watu fulani ambao, kama wangefungua vinywa vyao siku moja tu, wangeniokolea utoto mzuri. Juzi nilikuwa nimeshamzamisha kuku bakulini, siki imenifika viwikoni, mpwa wangu akanijia na simu yake. Kijana huyu anaamini kwamba dunia ilianza siku aliponunuliwa simu.

"Shangazi, hebu tazama hawa."

Ilikuwa vidio ya barobaro mmoja wa Kifilipino, mwenye miwani mikubwa kuliko uso, akitaja bendi zinazopendwa zaidi na mashabiki wa kwao, za roki na za nyimbo za kienyeji, huku chini yake watu wanagombana kwa maandishi kuwa huyu katangulizwa kwa upendeleo na yule kasahauliwa. Nikamwambia sina nafasi, nina kuku. Ndipo gitaa likalia, nyuzi tatu zinashuka polepole kama mtu anayeteremka ngazi bila viatu, na ikafuata filimbi ya mwanzi. Mkono ukabaki ndani ya bakuli.

"Unawajua?"

"Hao walitaka kututilia moto nyumba."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Shangazi, wewe hata Mombasa huendi. Umewajulia wapi Wafilipino?"

Ni kweli siendi. Mimi ni mtu wa ndani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, na tangu hapo sijaona sababu ya kutosha ya kutoka. Mume wangu husema siku nikifa itabidi wanibembeleze nitoke kwenda kuzikwa. Lakini wale niliwajua nikiwa sijafika hata darasa la nne, na kama nyinyi ni wa rika langu, mliokua zama za kuzungusha kaseti kwa kalamu, mtajua kwa nini sikuweza kumweleza kijana yule kwa maneno mawili.

Nililelewa Mambrui na Bibi, mama yake mama, kwa kuwa wazazi wangu walikuwa na kazi zao Mombasa. Nyumba yetu na ya jirani yetu, Bi Zuhura, zilitenganishwa na uchochoro ambao mtu mnene aliupita kiubavu. Dirisha la chumba chetu lilitazamana na dirisha la chumba chake. Ukipiga chafya huku, kule unaombewa afya. Kila asubuhi mimi ndiye niliyevusha sahani: mbaazi za Bibi zinakwenda, mahamri ya Bi Zuhura yanarudi, maana sahani ya jirani hairudi tupu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu duniani na niliifanya kwa majivuno.

Kisha akarudi Khalati Swafiya. Ni mdogo wake mama, na alikuwa Jedda kwa miaka mingi akitumikia nyumba ya watu. Alipoondoka mimi nilikuwa wa kubebwa, kwa hiyo aliporudi nililetewa mtu mzima mgeni, mwembamba, anayepika kuku kwa siki na anayeshtuka mlango ukibishwa. Alikuja na mablanketi, na redio ya kaseti, na kaseti moja tu. Mablanketi yaligawiwa jamaa, lakini kaseti haikuguswa na mtu.

Kaseti ile alipewa na mwenzake wa jikoni kule, Mfilipino aitwaye Luz. Walilala chumba kimoja, wakala sahani moja, wakafundishana lugha kwa kuoneshana vijiko. Luz alikuwa mwenda wazimu wa bendi moja ya kwao, ya gitaa kavu na filimbi, inayoimba mambo ya mashamba na mito. Dereva wa nyumba ile, naye Mfilipino, alikuwa hataki hata kuisikia bendi hiyo. Yeye wake walikuwa wale wa roki, wenye nywele za mabegani na magitaa ya umeme. Khalati alisema kila siku wawili hao waligombania bendi zao mbele ya sinki, kwa kunong'ona, sababu mwenye nyumba hakupenda sauti za watumishi. Khalati ndiye aliyekuwa kadhi wao. Siku alipokuwa anarudi, Luz alimrekodia bendi yake upande mmoja wa kaseti, na baada ya ugomvi mkubwa wa kunong'ona, dereva akaachiwa upande wa pili.

Mimi upande wa kwanza niliuita Wa Filimbi, na wa pili Wa Makelele.

"Wa Filimbi wakiimba," nilimuuliza Khalati, "Wa Makelele huwajibu nini?"

"Hawawajibu kitu."

"Basi huwa wameshindwa."

"Hawashindani, mwanangu. Watu wanawapenda tu. Luz anawapenda hawa, dereva anawapenda wale."

"Na wewe uko upande gani?"

"Mimi nawapenda wote."

Nilimwonea huruma. Nilidhani Jedda kumemharibu akili. Kwetu hakuna mtu aliyewahi kupenda wote. Bibi ujanani alikuwa mwimbaji wa kundi la lelemama, ngoma ya wanawake, na mama yake Bi Zuhura alikuwa wa kundi la pili, na makundi hayo yalitungiana nyimbo ambazo waliotungiwa walizikwa nazo. Hata mimi, mtoto wa kubeba sahani, nilijua kwamba wimbo haupigwi hivi hivi. Wimbo una anayeutuma na anayetumiwa. Mtu akiweka taarab dirishani mara moja, huenda anajiburudisha. Akiuweka wimbo ule ule siku ya pili, saa ile ile, dirisha lile lile, mtaa mzima unageuka kutazama dirisha linalotazamana nalo, na kuuliza kwa macho: huyu naye kafanya nini?

Sasa sikilizeni ujinga wenyewe ulivyoanza. Chumba chetu kilikuwa na soketi moja, nayo ilikuwa chini ya dirisha. Waya wa redio ulikuwa mfupi. Kaseti ilikuwa nakala ya nakala, sauti imefifia, kwa hiyo ili mtu aisikie ilimbidi afungue redio mpaka mwisho. Basi Khalati, kila akimaliza kusali alasiri, aliiweka redio dirishani, akaifungua mpaka mwisho, akakaa pembeni anachagua mchele. Wimbo wa kwanza wa Wa Filimbi ukiisha, aliurudisha nyuma na kuupiga tena. Na wiki hiyo hiyo, kwa bahati ambayo mpaka leo naionea uchungu, mume wa Bi Zuhura alikuwa ameoa mke wa pili Malindi.

Siku ya kwanza dirisha la Bi Zuhura lilikuwa wazi. Siku ya pili lilifungwa nusu. Siku ya tatu likafunguliwa lote, ikatolewa redio kubwa ya mumewe, na taarab ikamiminwa uchochoroni mpaka kuku wakatawanyika. Ilikuwa ya kumwambia mtu kwamba aliyekwenda mbali na kurudi mikono mitupu afadhali angebaki huko huko.

Khalati aliinua kichwa kutoka kwenye ungo. "Bi Zuhura siku hizi amependa muziki," akasema, na akafurahi kwa ajili yake. Kisha, kwa kuwa sasa hakuwasikia Wa Filimbi vizuri, akaisogeza redio nje zaidi.

Mimi nilimtazama kwa heshima kubwa. Nilidhani nimemwona jemadari. Ni mtu gani huyu, anatukanwa uso kwa uso na anatabasamu, halafu anajibu kwa lugha ambayo hakuna mtu wa Mambrui anayeweza kuijibu? Hata machozi yake niliyasoma hivyo. Wimbo ukifika pale filimbi inapobaki peke yake, macho yake yalijaa maji, na mimi nilidhani ni yale machozi ya mtu anayejizuia kucheka kwa sababu anashinda. Nikawa nakaa karibu naye kila alasiri, kidevu juu, nikilitazama dirisha la pili kama aliyeandikwa jeshini.

Na Bibi? Bibi alijua kila kitu, au alidhani anajua, jambo ambalo kwake lilikuwa moja. Aliketi na tambuu yake, akasikiliza mapigano mwanzo mpaka mwisho, na siku moja nilimsikia akijisemea, "Hajui ajibie wapi. Kitu cha lugha ya watu." Sikuwahi kumwona na raha kama ile. Alidhani binti yake, aliyemwona mnyonge tangu arudi, ameurithi ufundi wa kundi lake. Asingemuuliza kwa dunia na vilivyomo. Mtu hamuulizi mpigaji anampiga nani.

Bi Zuhura naye hakuweza kuuliza. Hili ndilo linaloniwasha mpaka leo. Kwetu, ukiuliza "Unaniimbia mimi?" umeshakubali kwamba wimbo umekuenea. Umeuvaa mwenyewe, ukafunga na vifungo. Basi alinyamaza, na mimi niliendelea kuvusha sahani, kwa kuwa vita vyetu vilikuwa vya watu wenye adabu. Mbaazi zilikwenda, mahamri yakarudi.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie bibi yako ahsante. Na khalati yako mwambie anywe tangawizi, asije akapotewa na sauti."

"Haimbi yeye. Ni kaseti."

"Ndiyo. Watu siku hizi wanaajiri."

Haya yote yangebaki mchezo kama si Athmani. Athmani alikuwa mtoto wa nduguye Bi Zuhura aliyefariki, na Bi Zuhura ndiye aliyemlea. Alifanya kazi Gongoni, kwenye chumvi, na alirudi jioni na kandambili zilizogeuka nyeupe. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akipita mbele ya mlango wetu yakawa machache zaidi. Alimwamkia Bibi, akamwamkia Khalati, akaniamkia hata mimi, akasimama, akatazama miguu yake ya chumvi, akaenda zake. Khalati siku hizo alianza kuchagua mchele mlangoni badala ya chumbani, jioni tu, mchele ambao ulikwisha kuchaguliwa alasiri. Mimi nililiona hilo nikaona ni usafi.

Athmani alikwisha kumwomba shangazi yake ampelekee posa. Tulikuja kujua baadaye. Na shangazi yake alimjibu, "Nyumba inayonitusi kila alasiri, mimi niingie na halua mkononi? Waache kwanza wamalize walilolianza."

Angalau Athmani angemwendea Khalati amwambie hivyo. Hakumwendea. Alinikuta mimi dukani, akaninunulia peremende, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie khalati yako apunguze redio."

"Kwa nini?"

"Mwambie tu."

Nikapeleka ujumbe kama ulivyo. "Athmani anasema upunguze redio." Khalati aliacha kuchagua mchele. Aliuliza kama kuna neno jingine, nikasema hakuna, ila peremende. Uso wake ukajifunga. Alidhani yule mwanamume haupendi muziki wake na ameanza kumwekea amri kabla hata ya kuomba ruhusa ya kumtazama. Kesho yake hakupunguza, na jioni hakutoka mlangoni. Athmani akapita, akakuta mlango una Bibi peke yake, akapita tena siku ya pili, akakuta vivyo hivyo. Hapo hata mimi nilihisi kwamba katika vita vyetu vizuri kuna kitu kinapotea, ila sikujua ni nini.

Bi Zuhura alikuwa na biashara ya achari. Alipeleka Malindi, kwa wapishi na wenye majumba ya ufukweni, na mara moja moja aliniazima kwa Bibi nikamshikie kapu. Safari hii alipoomba, Bibi alinitoa bila neno, sababu kumkatalia kungekuwa kukiri kwamba kuna ugomvi. Kapuni, chini ya chupa za achari, palikuwa na redio ndogo ya kaseti, ya betri.

Tulikwenda mpaka nyumba ya Mtaliano mmoja ambaye mkewe alikuwa Mfilipino, mama mfupi mchangamfu, mpenzi mkubwa wa achari ya ndimu. Bi Zuhura alimuuzia kwanza. Kisha akasema, kana kwamba amekumbuka njiani, "Mama, kuna wimbo nimeusikia mahali. Hebu nisaidie, hawa wanasemaje?" Akabonyeza. Alikuwa ameturekodi kutoka dirishani kwake. Gitaa la Wa Filimbi lilitoka, na nyuma yake jogoo wetu, na nyuma ya jogoo Bibi akikohoa.

Yule mama aliweka chini chupa ya achari. Akafunika mdomo kwa mkono. Kisha akaanza kuimba nao, polepole, macho ameyafumba, na aliposikia filimbi alicheka. "Hawa baba yangu anapenda sana," akasema. "Mimi, kaka yangu, sisi tunapenda wale wa roki. Baba anasema sisi tumepotea. Nyumbani kila Jumapili ni vita."

"Wanasemaje?" Bi Zuhura akauliza.

"Mtu yuko mbali. Anakutana na watu wanatoka kijiji chake. Anawauliza: mvua imenyesha? Mtumbwi wa kuvukia bado unavuja? Nani analala kwenye mkeka wangu?"

"Halafu?"

"Halafu basi. Anauliza tena."

"Mume hakutajwa?"

"Hapana."

"Wala mke wa pili?"

Yule mama alinitazama mimi, kana kwamba nitamsaidia. "Hapana, mama. Mtumbwi tu."

Bi Zuhura alimshukuru, akampa chupa moja bure, tukatoka. Mimi nilikuwa nimevunjika moyo. Nilitarajia tusi la kutikisa ukuta, kumbe tunarusha habari za mtumbwi unaovuja. Lakini Bi Zuhura alitembea kwa kasi, buibui linapepea, na mbele ya duka la mkate akasimama.

"Ukitupiwa ua," akaniambia, "usiangalie ua. Angalia mkono. Hakuna mtu anayelilia mtumbwi kila alasiri mbele ya dirisha la mwenzake."

Nikaona ana hoja. Wallahi nikaona ana hoja.

Adhuhuri tulikuwa nyumbani. Tulikaa chini, sahani katikati, samaki na wali, na mimi nilikuwa nimebeba ushindi ambao sikuweza kuuhifadhi zaidi ya tonge mbili. "Bi Zuhura hakupata kitu Malindi," nikatangaza. "Amempelekea Mfilipino wimbo wetu autafsiri, na mpaka sasa hajajua tunamtukana vipi."

Khalati alikuwa amenyanyua tonge. Akalirudisha. "Tunamtukana nani?"

"Bi Zuhura. Na mumewe."

Khalati alimgeukia Bibi. Bibi aligundua mwiba katika samaki wake, akaushughulikia kwa muda mrefu sana.

"Mama. Mtoto anasema nini?"

"Anasema yanayosemwa na mtaa," Bibi akajibu. "Na mimi nilidhani unajua unachofanya. Unapiga vizuri."

Khalati alicheka, kicheko kifupi kilichokwama katikati. Kisha akayaunganisha yote, nikayaona yakiungana usoni pake moja moja: taarab ya Bi Zuhura, salamu za tangawizi, peremende ya Athmani. "Apunguze redio," akasema polepole. "Yarabi. Kumbe hilo ndilo alilokuwa anasema." Akaweka mikono yote miwili juu ya mkeka. "Mimi sikumpigia mtu. Soketi iko pale. Waya ni mfupi. Na wimbo ni salamu yangu na Luz. Siku ya kuagana tuliahidiana. Kila alasiri, yeye akimaliza vyombo anauweka, na mimi huku nauweka. Simu mwenye nyumba kule haruhusu. Basi tukasema tutakuwa tunasikia kitu kimoja kwa wakati mmoja."

Hapo nikayajua yale machozi. Sikupenda kuyajua. Nilikuwa na vita vizuri na nikanyang'anywa katikati ya chakula.

"Ungesema," Bibi akamwambia.

"Mngeuliza."

Bibi akampangia mambo kama mtu anayepanga vikombe. Akimwendea Bi Zuhura kujieleza, amekiri kwamba alikuwa anampiga, maana asiye na hatia hajielezi. Akiacha ghafla, amekiri pia, maana asiyepiga haachi. Akiendelea, posa haiji. "Na mtu mwenyewe nimemwona," Bibi akasema. "Si mbaya. Miguu tu. Nyamazisha redio kidogo kidogo, leo nusu, kesho robo, waone imekufa yenyewe. Uolewe."

"Na Luz?"

"Luz atajuaje?"

"Mimi nitajua, Mama. Kule ndani kulikuwa na siku ambazo Luz peke yake ndiye aliyeniita jina langu."

Bibi akaomba maji ya kunawa.

Alasiri hiyo redio haikulia. Nilidhani Khalati amekubali. Lakini alisali, akavaa buibui, akauchomoa waya kutoka ile soketi iliyotuletea balaa lote, akaikumbatia redio kifuani na kuniambia nichukue sahani ya mbaazi. Bibi alimtazama, tambuu shavuni. "Unakwenda kukiri?"

"Nakwenda kumtembelea jirani."

Uchochoro ule ni hatua chache tu, na nilitaka uwe mrefu kama njia ya kwenda Jilore, huko bara. Khalati alipiga hodi. Bi Zuhura alifungua, akamwona yeye, akaiona redio, akaniona mimi na mbaazi katika saa isiyokuwa ya mbaazi.

"Karibu," akasema, sababu hakuna neno jingine la kusema. "Mgeni na mzigo."

"Nimekuja kusikiliza kwako, Bi Zuhura. Kwetu upepo unaichukua sauti."

Hakujieleza, wala hakuomba radhi. Aliuliza soketi iko wapi. Bi Zuhura alimwonesha kwa kidevu. Na hapo, watu wangu, nilimwona mtu anayejua mila akitafuta mlango wa kutokea na haupati: mgeni hafukuzwi, na fumbo haliwezi kurushwa na mtu aliyeketi kwenye mkeka wa anayerushiwa, ameshika kikombe chake cha kahawa. Tulikaa. Wa Filimbi wakaimba, mwanzo mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza bila jogoo.

Bi Zuhura alisikiliza kama hakimu, macho sakafuni. Wimbo ulipokwisha akasema, "Yule wa Malindi aliniambia ni mtu anaulizia kwao." Kisha akatambua alichokisema, kwamba amejitoa mwenyewe, kwamba alikwenda kuuliza. Sote tukautazama mkeka.

"Ndivyo alivyoniambia Luz," Khalati akajibu. "Huyo aliyenipa. Bado yuko kule."

"Ana watoto?"

"Wawili. Wako kwa mama yake. Aliwaacha mdogo hajasimama."

Bi Zuhura alizungusha bangili mkononi. "Mimi ningejua ni wa mtu wa kule," akasema, na hakuimaliza sentensi. Akapiga kidole redio. "Uzi wa chini umelegea. Mpigaji wenu haukazi. Huku nyuma kuna nini?"

"Huku si wetu. Ni wa dereva. Makelele."

"Geuza."

Khalati akageuza. Magitaa ya umeme yakaingia chumbani kama watu wanaodai haki yao, ngoma nyuma yao zinabomoa mlango, na mwanamume mmoja akaanza kupiga ukelele ambao hauhitaji mkalimani. Nilisubiri Bi Zuhura aizime. Hakuizima. Alinyoosha mgongo. Kichwa kilianza kwenda mbele na nyuma, kidogo, kidogo, kisha si kidogo.

"Hawa," akasema ulipokwisha, "hawa wanajua kugombana. Rudisha."

Posa ilikuja Ijumaa ile ile, na halua, na wazee wawili, na Athmani akiwa ameosha miguu mpaka imekuwa ya mtu mwingine. Khalati alimwekea Athmani sharti moja tu, kwamba wimbo wake wa alasiri usizuiwe, naye akasema kwa sauti iliyosikika mpaka nje kwamba yeye hakuwahi kuuchukia wimbo, alichukia kuusubiri uishe. Hayo ndiyo maneno marefu zaidi niliyowahi kumsikia akiyasema, na ningependa kujua yalikuwa wapi siku ya peremende.

Ndoa ikafungwa. Kwetu mara nyingi bwana ndiye anayeingia nyumba ya mke, lakini yetu ilikuwa na chumba kimoja cha maana na mimi nilikuwa ndani yake, kwa hiyo wakakubaliana maharusi wakae kwa Bi Zuhura. Bibi hakupenda. Alisema ni hatua chache tu, akalisema hilo mara nyingi, kwa watu ambao hawakumuuliza.

Fungate ilipokwisha, alasiri, nilikuwa nimekaa na Bibi chumbani. Yeye ana ungo wa mchele magotini. Ng'ambo ya uchochoro dirisha likafunguliwa na gitaa likaanza kushuka ngazi zake.

Bibi aliacha kuchagua. "Unamsikia Zuhura."

"Si Bi Zuhura, Bibi. Ni Khalati."

"Namjua ni nani, nimemzaa mimi. Nakuuliza dirisha ni la nani."

"La Bi Zuhura."

"Na linatazama wapi?"

"Huku."

"Na huku yuko nani?"

Nikamweleza. Nilikuwa nimeshakuwa mtaalamu. Nikamweleza habari za Luz, na vyombo vya alasiri, na mtu anayewauliza wasafiri nani analala kwenye mkeka wake, na nikamwambia kwamba wimbo haukutumwa kwa mtu wa Mambrui, watu wanaupenda tu. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mtoto anayesoma alif na bee. Filimbi ikabaki peke yake. Kitanda cha Khalati kilikuwa pale ukutani, kimekunjwa godoro.

"Funga dirisha," akasema.

Nikainuka, nikavuta ubawa mmoja, nikaupiga komeo. Nikaushika wa pili.

"Huo uache," akasema, akainamia ungo, akaendelea kuchagua mchele ambao sote wawili tulijua ni safi.